Mwamba Uliokosa Jina

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme na majini, ni zamani ile ambayo taa ya mnara wetu wa Uvinjeni ilikuwa bado inawashwa kwa kiberiti, palikuwa na mlinzi wa taa aliyeitwa Vuai Kheri, na mkewe Mwatima. Sikilizeni vizuri, kwa sababu mwisho nitawauliza swali, na sitaki mtu anijibu "wote". Jibu hilo nimelisikia mwezi mzima na limenichosha.

Mimi ni katibu wa sheha anayetuongoza hapa Uvinjeni. Haya ninayoyasimulia mengine nimeyaona kwa macho na mengine nimeyasoma, na yaliyobaki nimeyasikia yakibishaniwa ofisini kwangu mpaka nimeyajua kwa moyo.

Kazi ya Vuai ilikuwa kuwasha taa, kuizima, na kujaza daftari la mnara. Kila siku aliandika saa ya kuwasha, saa ya kuzima, upepo ulikotoka, na vyombo vilivyopita. Safu ya mwisho iliandikwa "Mengineyo". Mkaguzi alipokuja kutoka mjini akaikuta safu hiyo imeachwa wazi miezi mitatu, akamkaripia. Alisema katika daftari la serikali hakuna safu ya kuachwa wazi. Vuai akauliza aandike nini ikiwa hakuna jambo. Mkaguzi akamwambia aandike chochote anachokiona.

Sasa Uvinjeni vyombo havipiti kwa wingi. Ukisimama juu ya mnara unaona maji, na bahari inapokupwa unaona mwamba. Juu ya mwamba Vuai alikuwa anamwona mtu mmoja ameinama, na mtu huyo alikuwa mkewe, anachokoa pweza. Basi akamwandika yeye. "Mwatima karudi na pweza tisa, kaacha wadogo wanne. Kome pishi mbili. Jongoo wa pwani wengi, hawahesabiki." Siku iliyofuata akaandika tena. Bamvua lilipokuja, bahari ikatoka mbali na mwamba ukawa wazi mpaka ukingoni, akaandika mistari sita.

Mwaka uliofuata mkaguzi akarudi, akafungua daftari, akaandika kwa wino mwekundu: "Hiki ni mnara au jiko?" Akamweleza Vuai kwa upole kwamba ameombewa uhamisho kwenda mnara wa mjini, wenye umeme, na nyumba yenye bomba la maji ndani. Anachotakiwa ni kuacha habari za pweza tu. Vuai akajibu kwamba aliambiwa aandike anachokiona. Mkaguzi akamtaka aandike mambo ya maana. Kesho yake Vuai akaandika: "Mkaguzi kaja, kaondoka. Mwatima pweza sita."

Uhamisho haukuja. Akakaa mnarani miaka ishirini na saba, akajaza madaftari ishirini na saba. Mtu mkaidi namna hiyo mimi sijapata kumwona, na nimefanya kazi na watu wengi.

Kisha taa ikabadilishwa, ikawekwa ya umeme wa jua inayojiwasha yenyewe. Vuai akastaafu. Watu wa idara ya minara wakaja kusafisha mnara, wakatoa vyombo na makaratasi yote, wakayarundika uwanjani wayachome moto. Hapo ndipo alipotokea Machano, muuza njugu. Machano hakuwa na habari ya historia wala ya pweza. Alitaka karatasi za kufungia njugu. Akawaomba wale watu, wakampa sanduku zima, akaenda nalo nyumbani kichwani.

Alianza na madaftari ya juu, yaani ya miaka ya mwisho, kwa sababu karatasi zake zilikuwa bado nyeupe. Akayachana, akafungia njugu. Madaftari manne yakaliwa namna hiyo na Uvinjeni nzima, mimi nikiwamo, na hakuna aliyesoma alichokishika. Mpaka siku moja mwalimu wa skuli alinunua njugu, akala, akakunjua karatasi, akaona jina la Mwatima na idadi ya pweza wake. Akarudi akamwambia Machano kwamba anawauzia watu maisha ya Bi Mwatima kwa vipande. Machano akaona haya. Akaacha. Yaliyobaki ishirini na matatu akayarudisha sandukuni, akalipandisha darini, na likakaa huko miaka kumi na minane.

Msidhani lilikaa kwa raha. Mwaka wa upepo mkubwa paa la Machano liling'oka. Alikuwa na turubai moja. Akalifunika sanduku. Mkewe na wanawe wakaloa mpaka asubuhi, na mama huyo akafungasha akaenda kwao miezi mitatu. Alipoulizwa sababu alijibu kwamba mumewe ameoa makaratasi.

Hayo ndiyo ya zamani. Sasa nakuja kwenye ya juzi, yaliyonitia mimi wazimu.

Kampuni ya mchanga ilikuja kuomba kuchimba chini ya bahari, pembeni ya mwamba wetu. Mnajua palivyo sasa. Wanawake wanatoka bamvua zima, wanarudi na pweza mmoja, pengine hata huyo hakuna, na kome wa kutosha kitoweo cha mtu mmoja. Jongoo wa pwani mtoto wa leo hamjui. Kampuni ikaleta kitabu kilichopigwa chapa vizuri, na ndani yake imeandikwa kwamba mwamba wa Uvinjeni ni jiwe tupu na umekuwa hivyo tangu enzi, kwa hiyo mchanga ukichimbwa hakuna kitakachopotea. Idara inayotoa vibali ikatuambia: kama mnasema si kweli, leteni ushahidi. Maneno ya wazee peke yake hayatoshi. Tulipewa miaka miwili.

Hapo akaja Salme, binti wa watu wa kijiji cha pili, mwanafunzi wa chuo anayesomea viumbe wa baharini wasio na uti wa mgongo. Alipomweleza hivyo Bi Mwatima, Bi Mwatima akamuuliza kwani lazima wawe nao ndiyo waheshimiwe. Salme alikuwa anatafuta habari za zamani za pwani hii, na mtu akampeleka kwa Machano. Akapandishwa darini, akafungua sanduku, akasoma kurasa tatu, na mke wa Machano anasema binti yule alikaa chini darini pale pale akalia. Akaomba madaftari kwa mwezi mmoja. Alikaa nayo miaka miwili. Hilo nalo mtalisikia.

Mwalimu wake chuoni alimwambia kwamba hayo ni mambo ya jikoni, hayawezi kuwa elimu, na kama anayashikilia basi hatamaliza masomo yake pamoja na wenzake. Hakumaliza pamoja nao. Alikuja kukaa Uvinjeni, akamwomba Bi Mwatima amwonyeshe njia yake ya zamani juu ya mwamba: anaanzia wapi, anapinda wapi, anarudia wapi. Kila bamvua wakatoka wawili, bibi mbele na fimbo yake, binti nyuma na ubao wa kuandikia. Alitaka kuhesabu njia ile ile, kwa maji yale yale, ili ya leo yalingane na ya zamani. Miguu yake ilichomwa na wale viumbe wa mwambani wenye miiba mirefu myeusi mpaka akawa anatembea kama kuku aliyefungwa kamba.

Mwezi wa nane Bi Mwatima akasema, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo, kwamba iko sehemu moja hajamwonyesha. Iko nyuma ya jiwe kubwa, upande wa ukingoni, na ndiko alikokuwa anapata nusu ya pweza wake. Salme akamuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo. Bi Mwatima akamwambia sehemu ile hajapata kumwonyesha mtu, hata mumewe hajui, kwa sababu mumewe angejua angeiandika.

Hesabu ya miezi minane ikawa haina maana. Salme akaanza upya, akahesabu miezi sita mingine.

Na hayo hayakuwa mwisho. Alipoyapitia madaftari kwa makini akakuta siku kumi na moja mfululizo zimeandikwa "Kama jana". Kama jana, kama jana, kama jana. Akaenda kumuuliza Mzee Vuai. Mzee akasema pengine pweza walilingana. Bi Mwatima alikuwa anachambua mchele pembeni, akasema bila kuinua kichwa kwamba siku hizo yeye alikuwa kwa mama yake, amejifungua mtoto wa tatu, na mwamba haukuguswa na mtu wa nyumba hii. Salme akazipiga mstari zote kumi na moja. Mzee Vuai hakusema naye siku nne.

Likabaki pengo la miaka minne, ile iliyoliwa na njugu. Na hiyo ndiyo miaka muhimu kuliko yote, kwa sababu mchanga wa kujengea gati la mjini ulichimbwa wakati huo, upande wa kaskazini wa mwamba. Kama kuna kitu kilitokea, kilitokea hapo. Wiki moja kabla ya kikao, Salme aliingia kwa Mzee Vuai akamkuta amekaa na daftari jipya la dukani, kalamu mkononi, anaandika miaka minne kutoka kichwani. Alikuwa ameshafika mwezi wa tatu. Pweza saba, pweza watano, pweza watatu, wanapungua vizuri kabisa.

Salme alimwomba aache. Mzee akamuuliza anataka kushinda au hataki. Bi Mwatima ndiye aliyelichukua daftari lile mikononi mwake.

"Mimi ndiye niliyewahesabu, na mimi siwakumbuki," alimwambia mumewe. "Wewe uliyekuwa juu unawakumbukaje?"

Akalitia jikoni chini ya chungu.

Kikao kikafanyika darasani skuli. Walikuja watu wa idara watatu, na watu wa kampuni, na sisi wote. Salme akasimama akasoma: mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, mwaka wa tano, pweza tisa, pweza wanane, waliochukuliwa na walioachwa. Akasoma mpaka daftari la ishirini na tatu. Kisha akasoma hesabu yake ya mwaka huu: pweza mmoja, na mara nyingi hakuna. Bwana wa kampuni akauliza kilitokea nini katikati, na yako wapi madaftari manne ya mwisho.

Darasa zima likamtazama Machano, naye akatazama miguu yake. Mimi nilimwomba Mungu binti yule aseme lolote, yameungua, yameibwa. Salme akasema, "Yalifungiwa njugu. Kilichotokea miaka hiyo sikijui, na sitasema ninakijua."

Yule bwana akatabasamu, akawaambia watu wa idara kwamba basi hakuna ushahidi. Salme akafungua kile kitabu chao kizuri, akamwonyesha mstari. Ninyi mmeandika jiwe tupu tangu enzi, akamwambia. Mimi sikuja kueleza nani amewamaliza pweza. Nimekuja kuonyesha kwamba walikuwapo.

Mkubwa wa idara akachukua madaftari, akafungua moja, akafungua jingine, akakaa anasoma muda mrefu sisi tukimtazama. Akamuuliza Salme zile siku kumi na moja zilizopigwa mstari ni za nini. Salme akamweleza. Akauliza tena na sehemu ya nyuma ya jiwe, akaelezwa. Mwishowe akasema kwamba amesoma ripoti nyingi katika kazi yake, na hajapata kuona iliyomwambia mapema wapi isiaminiwe. Kampuni ikanyimwa kibali. Mwamba ukafungwa upumzike, usiguswe na mchimbaji wala mchokoaji, mpaka wenyewe watakapoona umepona.

Watu walipiga vigelegele, na mimi nilipiga. Laiti mambo yangeishia hapo.

Wiki mbili baadaye ikaja karatasi kutoka idara. Eneo lililohifadhiwa lazima liwe na jina katika ramani. Sisi tangu tuzaliwe tunauita "mwambani" tu. Idara ikasema eneo litapewa jina la mtu mmoja aliyechangia kuliko wengine, na huyo, au atakayemrithi, ndiye mwenye neno la siku ya kuufungua. Jina ni moja, yasiandikwe mawili. Nafasi yenyewe imepimwa kwa visanduku vya herufi. Tusipopeleka, litaitwa Eneo Namba Sita, na siku ya kufungua wataiamua wao huko mjini. Sheha akanipa karatasi akaniambia nishughulikie. Siku hiyo hiyo akapata safari.

Nikachukua penseli.

Wa kwanza kuja alikuwa Mzee Vuai, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Alisema bila yeye hakuna neno hata moja lililoandikwa. Watu wangapi waliona pweza katika pwani hii, akauliza, na nani aliandika? Alikataa mnara wa mjini kwa ajili ya mstari mmoja wa Mengineyo. Angenyamaza, angekuwa mkubwa wa minara yote. Nikaona ana haki. Nikaandika jina lake.

Akaja Bi Mwatima, ameshika fimbo. Alisema mzee yule hajapata kutia mguu mwambani tangu amwoe, anaogopa miiba. Kila nambari iliyo katika madaftari ilitoka kinywani mwake yeye, na nguo zikiwa bado zimeloa.

"Na huo mnara wa mjini alioukataa, alimkatalia nani?" akaniuliza. "Nyumba ya mnarani haina maji. Ndoo ya maji kutoka kisimani, miaka ishirini na saba, ilikuwa kichwani kwa nani? Ukaidi wake nimeubeba mimi."

Nikalifuta jina la mzee, nikaandika la bibi.

Akaja Machano, na sanduku tupu. Alisema wale wawili walishayaacha madaftari. Mwenyewe aliyeyaandika alistaafu akaondoka bila kugeuka nyuma, na aliyehesabu hakuuliza yanapelekwa wapi. Yalikuwa yanakwenda motoni. Nikamkumbusha manne aliyoyafungia njugu. Akasema anayakumbuka kila siku, lakini nimhesabie pia ishirini na matatu, na paa, na mkewe aliyelala kwenye mvua. Nikafuta, nikaandika Machano.

Salme hakuja mwenyewe, nilimwita. Nilimuuliza kwa nini ripoti yake ina jina lake peke yake juu, ilhali kazi ni ya watu wanne. Akasema chuo hakiruhusu zaidi, na kwamba majina ya wale watatu ameyataja ndani. Hilo la madaftari kukaa kwake miaka miwili aliomba radhi. Kisha akasema kitu kimoja, polepole, kama mtu anayeona aibu. Alisema watu hupenda kusikia habari za walioandika na waliotunza, lakini makaratasi darini hayasimamishi mtambo wa kuchimba mchanga. Ilibidi mtu atembee juu ya mwamba huo leo, ahesabu tena mahali penye mmoja, na akikosa kitu aseme amekosa. Mwaka mzima wa masomo yake umekwenda. Nikafuta, nikaandika Salme.

Jioni Mzee Vuai akapita dirishani, akaona penseli imeandika nini, akarudi nyumbani akamwambia mkewe. Asubuhi walikuwa wote wanne mlangoni kwangu. Nikafuta. Karatasi ya idara mahali pale sasa imetoboka, unaona meza kwa chini yake.

Nikajaribu ujanja mmoja wa mwisho. Nikamwita kila mtu peke yake, nikafunga mlango, nikamwambia: jiweke kando, wewe haumo, sasa nani apewe? Machano akasema Salme, kwa sababu njugu angeweza kuzikana naye hakuzikana. Salme akasema Bi Mwatima, na akaongeza kwamba bado ana hasira naye kwa ile miezi minane. Mzee Vuai akasema swali hilo ni la kipuuzi na hatalijibu, na kweli hakulijibu, tulikaa tunatazamana mpaka adhana.

Bi Mwatima ndiye aliyechelewa. Alikaa anazungusha fimbo yake sakafuni. Nikadhani atasema hakuna.

"Huyo huyo mzee," akasema. "Lakini usimwambie. Nimetoka baharini miaka yote hiyo, na kila nilipotoka yuko mtu mlangoni ananiuliza leo nimeona nini. Muulize mwanamke yeyote wa Uvinjeni kama amepata kuulizwa."

Akanyanyuka akaenda zake, akaniacha na tundu langu.

Afisa wa idara anakuja Jumatatu. Nimeomba karatasi nyingine, wakasema hawana, nigundishe kiraka juu ya hiyo hiyo. Kiraka nimekigundisha, na kina nafasi ya jina moja. Yuko aliyewaona pweza, yuko aliyewaandika, yuko aliyeyaokoa madaftari, na yuko aliyewahesabu tena na kukiri asichokijua. Na kila mmoja ana lake baya nililowaambia, sikumficha mtu.

Ninyi mmekaa mmenisikiliza, hakuna aliyewabishia hodi mlangoni asubuhi. Haya, jina moja tu: penseli hii iandike la nani?